Maji ya Kumwogesha Mama

Kakuma, 6 Januari 2025

Morgan mdogo wangu,

Ejok, hujambo? Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni mimi, mama na kuku watatu. Barua hii ameibeba Mama Keziah wa kanisa. Yeye hushuka Lodwar mara moja kwa mwezi kwa mikutano yao, na amekubali kupitia hapo gerezani. Kwa hiyo ukiona kimya, ujue ninamngoja yeye. Ameniambia kila barua husomwa ofisini kabla hujapewa. Haidhuru. Hatuna la kuficha.

Mama anakula. Mkono na mguu wa kushoto havijarudi tangu ile stroki ya Agosti, ila maneno yamerudi yote, na mengine mapya. Bado anaamini uko Juba unafunga mabomba ya hoteli. Kila wiki anauliza kwa nini hupigi simu, namwambia laini za huko ni mbovu. Uongo uliuanzisha wewe, Morgan, ila anayeulisha kila siku ni mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nesi anasema mama aogeshwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, ili viungo vilegee, na vidonda vya mgongoni vioshwe kwa maji yaliyochemka. Hapa watu wananicheka. Wanasema Kakuma nzima saa nane mchana ukifungua mfereji unaungua vidole, wewe unatafuta maji ya moto ya nini? Lakini mama lazima aoge alfajiri, kabla nzi hawajaamka na kabla joto halijamchosha, na saa hiyo maji ya pipa ni baridi. Akiguswa nayo mkono ule unakakamaa mpaka nasikia uchungu mimi. Basi nawasha jiko. Sufuria tatu asubuhi, tatu jioni. Moshi unaingia ndani, mama anakohoa, akikohoa vidonda vinasuguana na godoro. Siwezi kutoka nyumbani zaidi ya saa moja. Sokoni naenda mbio kama mtu aliyeiba.

Juzi alipita mtu anauza shawa ya umeme, ile ya kufunga ukutani, maji yanapita hapo hapo yakiwa moto. Umeme tunao. Najua neno hilo si jepesi kwako baada ya yule mwalimu kupigwa na umeme akioga katika loji ya Suldan huko Lodwar, kwenye shawa uliyoifunga wewe. Lakini ulieleza kortini kwamba mwenye loji ndiye alikataa kununua waya wa ardhi, ule wa kijani na njano unaopeleka hitilafu chini badala ya kumpiga mtu. Nyumba yetu waya huo inao, uliuweka mwenyewe. Kwa hiyo nauliza: niichukue, au kuna njia nyingine? Wewe ndiye fundi.

Jingine. Mwalimu mkuu wa ile chekechea ya Lokichoggio amekubali kunishikia nafasi mpaka utoke Februari mwakani, ukishapunguziwa theluthi kwa tabia njema. Wewe utakaa na mama, mimi nitakwenda kufundisha. Kwa hiyo usifikiri ni wewe peke yako unayehesabu miezi.

Dada yako,
Ajwang

Lodwar, 2 Februari 2025

Dada Ajwang,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Afya ninayo. Tunaamka saa kumi na moja, tunahesabiwa, tunakunywa uji, tunahesabiwa tena. Nimepewa kazi ya karakana, natengeneza mifereji. Msalimie mama, umwambie Juba ni joto.

Shawa ya umeme usiifunge. Usiichukue hata ukipewa bure. Sitaki kueleza sana, nakuomba unitii tu kwa hili moja. Tena si hatari peke yake. Kifaa kile kinakula umeme kuliko vyote ulivyo navyo nyumbani vikijumlishwa, na maji yetu yana chumvi. Miezi sita tu, ndani kumeganda weupe kama ndani ya birika.

Wale wanaokucheka wana ukweli fulani, ila hawakuufikiria mpaka mwisho. Jua linatupashia maji kila siku bila kuombwa. Shida yetu ni kwamba hatujui kuyatunza. Saa nane yanaunguza, alfajiri yamepoa. Ukipata njia ya kuyafunika ili joto la saa nane likae mpaka saa kumi na moja, jiko utalitumia kwa chai na ugali, na kuchemsha kile kibakuli kimoja cha vidonda.

Nimeona sola za dukani zenye mirija ya vioo. Nzuri, lakini mirija ikiziba kwa chumvi ya hapo hakuna wa kuizibua. Fanya hivi. Tafuta mpira mweusi wa maji, mita sitini, ulio mnene. Uzungushe kama nyoka aliyelala, ndani ya sanduku bapa la mabati lililopakwa rangi nyeusi, na juu yake kioo. Sanduku liinamishwe kuelekea jua. Halafu pipa la chuma, lililofunikwa pande zote kwa sponji za godoro kuukuu, unene wa kiganja, na mabati juu ya sponji. Pipa likae juu kuliko sanduku. Hapo ndipo watu hukosea. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna waya wowote.

Mafundi wa sola wako wengi huko kambi ya wakimbizi. Tafuta mmoja mwenye subira.

Umeniuliza kuhusu mahakama, au hukuniuliza, sikumbuki. Yale yalikwisha. Mzee Suldan yuko hapa, kitanda chake ni cha tatu kutoka changu. Tunasalimiana.

Mdogo wako,
Morgan

Kakuma, 9 Machi 2025

Morgan,

Salamu. Mama amekuwa na homa siku nne, ikaondoka. Kuku mmoja amechukuliwa na kunguru, au na jirani. Mama Keziah alichelewa kwa sababu barabara ilikatwa na maji ya lagga, ule mto mkavu wa mchanga, huko mbele, mvua ambayo sisi hatukuionja.

Fundi nimempata. Anaitwa Céline, Mkongo, mama wa makamo. Alijifunzia sola hapa kambini na anatembea na ngazi yake begani. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza akichora mchangani kwa kijiti, kisha akasema, "Huyu mutu anajua maji. Iko muzuri. Sanduku nitafanya miye, lakini mupira utafute weye."

Basi nikaenda kutafuta mpira. Nilimwacha mama na jirani, nikapita maduka manne bila mafanikio. La tano lilikuwa la Wasomali, kule kwenye mstari wa vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na mama amekaa nyuma ya meza, amejifunika shela ya kahawia. Nikasema nataka mpira mweusi mita sitini. Akaniuliza ni wa nini. Nikamweleza habari ya mama. Akasimama, akaupima mwenyewe, mkono baada ya mkono, na mwisho akaongeza mita mbili juu yake. Kisha akasema bila kuniangalia, "Wewe ni dada ya Morgan. Nilikuona kortini. Ulikaa mbele yangu."

Ni Shamso, mke wa Suldan. Loji ilipofungwa alikuja Kakuma kwa kaka yake, sasa anamwendeshea duka. Sikujua miguu yangu niiweke wapi. Nikamwambia pole. Akasema, "Pole ya nini? Wewe hukufanya kitu." Nikauliza habari za mumewe. Akanijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Suldan alinunua waya. Mimi nilikuwa dukani siku hiyo. Waya mzima, kijani na njano. Akaweka karatasi ya gundi kwenye ncha, akaandika na kalamu nyekundu, BAFU, ili isichanganyike na ya mataa. Akampa fundi mkononi. Kortini wakauliza risiti iko wapi. Risiti haiko. Wakauliza nani aliona. Nikasema mimi. Wakasema wewe ni bibi yake."

Kisha akafunga mpira kwa kamba, akanisaidia kuuweka begani.

Nimekuandikia haya kwa sababu nimeyabeba tangu siku ile na sina mtu mwingine wa kumpa. Labda ana uchungu wa mume, na mtu mwenye uchungu huona anachotaka kuona. Nijibu kitu, Morgan. Hata mstari mmoja.

Ajwang

Lodwar, 30 Machi 2025

Dada,

Nafurahi homa imeondoka.

Mwambie Céline viungo vya mpira avibane kwa vibano viwili kila upande, kimoja hakitoshi kwa joto lile. Bomba la kupeleka maji ya baridi litoke chini kabisa ya pipa, na la maji ya moto lirudi robo tatu ya kimo chake. Maji ya kuoga yachukuliwe juu. Awache tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko, la sivyo pipa litavimba. Kabla ya kufunika kwa sponji mlijaze mlichunguze siku nzima kama linavuja. Usisahau koki ya kuchanganyia maji ya baridi. Maji hayo yatakuwa moto kuliko unavyofikiri, na upande wa kushoto mama hausikii. Ataungua na hatakwambia. Pima kwa kiwiko chako kila mara, usipime kwa kiganja, kiganja chako kimezoea sufuria.

Kioo kikikosekana, plastiki nene ya kuezekea miche itafaa kwa mwaka mmoja.

Kazi hii haihusiani na umeme. Hakuna haja ya Céline kugusa kisanduku cha umeme wala kufungua chochote ukutani. Mwambie hivyo.

Morgan

Kakuma, 20 Aprili 2025

Morgan,

Mama hajambo. Vidonda viwili vimeanza kukauka, cha tatu bado.

Jumanne taa ya chumba cha mama ilizima. Céline alikuwa juu ya paa akifunga sanduku. Aliposhuka alisema ataangalia, dakika mbili tu. Nilikuwa nimemwambia ulivyosema, kwamba asiguse. Akasema, "Dada, mugonjwa hawezi kukaa giza." Akakifungua kisanduku.

Kisha akaniita. "Angalia. Minaona manyumba mingi hapa, hakuna yenye iko na waya wa ardhi munene hivi. Huu ni wa nyumba kubwa, ya mabafu mingi. Kaka yako alikupenda sana." Akavuta ncha ili anionyeshe. Kwenye ncha kulikuwa na karatasi ya gundi iliyokuwa nyeupe zamani. Imeandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu.

Barua hizi zinasomwa. Nilikuandikia hatuna la kuficha, na sasa natafuta maneno ya kukwambia nilichokiona bila kusema nilichokiona. Kwa hiyo sitasema. Unajua ni neno gani. Céline hajui maana yake, alirekebisha taa akaenda zake. Kisanduku nimekifunga. Ufunguo ninao shingoni.

Februari si mbali. Nimekuwa nikijiambia hivyo kila asubuhi nikimgeuza mama. Ukitoka wewe, natoka mimi. Tangu Jumanne nimejiambia pia kwamba mwalimu yule hatarudi hata nikisema nini, na kwamba Suldan naye atatoka siku yake ikifika. Nilikaa na mawazo hayo siku tano. Jana nilikwenda sokoni, na ili nisipite mbele ya lile duka nikazunguka mpaka nyuma ya kichinjio, kwenye matope na mbwa. Mama alikuwa anangoja, nimechelewa, nami nazunguka.

Hukunijibu kuhusu Shamso. Uliniandikia koki na vibano. Niambie nifanye nini na kilicho ndani ya ukuta.

Ajwang

Kakuma, 15 Juni 2025

Morgan,

Mama Keziah amerudi mikono mitupu mara ya pili. Anasema uko mzima, umemwambia huna karatasi. Nakutumia karatasi nne na kalamu.

Pipa linafanya kazi. Nakueleza kwa sababu ni kazi yako, hata kama hunijibu. Tulilijaza tarehe tatu Mei, likavuja mahali pamoja, Céline akaziba. Asubuhi ya kwanza nilifungua koki saa kumi na moja nikiwa sina imani, nimeshaweka makaa jikoni. Maji yakatoka na mvuke. Nikapima kwa kiwiko, nikaongeza ya baridi, nikapima tena. Nilimkalisha mama kwenye kiti cha plastiki ulichokikata katikati, nikammiminia mgongoni taratibu. Alifumba macho. Mkono wa kushoto ulianguka wenyewe kutoka kifuani mpaka kwenye paja, umelegea, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Akasema, "Nani ametengeneza hii maji?" Nikasema Morgan, kwa barua. Akasema, "Yeye huko Juba anakumbuka mgongo yangu." Nikamwogesha nikiwa nimeuma mdomo.

Makaa sinunui ila gunia moja kwa mwezi na nusu. Mama hakohoi. Asubuhi ninabaki na saa mbili mkononi, na sijui nizipeleke wapi. Nakaa mlangoni. Ukuta ule uko mbele yangu. Nilidhani jiko ndilo lililonifunga nyumbani.

Shamso amesikia kwamba mtambo unafanya kazi, amemtuma mtu kuuliza kama anaweza kuja kuuona, maana wateja wanamwulizia. Nimemjibu mama anaumwa. Nitamjibu hivyo mara ngapi?

Kama hutaki kuandika, usiandike. Lakini ujue nitampa ufunguo mtu mwezi ujao, awe Shamso au polisi, na nitakuwa nimemnyima mama yangu mwanawe kwa miaka mingine. Ningependa uwahi wewe.

Ajwang

Lodwar, 3 Julai 2025

Dada Ajwang,

Karatasi nilikuwa nazo. Nilimdanganya Mama Keziah.

Naandika barua hii na ofisa ameshaijua kabla hajaisoma, kwa hiyo nitaandika wazi.

Nilipokuwa nafunga umeme nyumbani kwetu Februari mwaka jana, waya wa ardhi uliniishia. Nilizunguka maduka ya Kakuma yote nikakosa. Mama alikuwa ameshanunua pasi na friji ndogo, alikuwa anataka umeme uwashwe kabla ya Pasaka. Wiki ile nilikuwa na kazi ya mabafu sita kwa Suldan. Alinikabidhi waya mkononi kama Shamso alivyosema. Nikauweka kwenye begi. Nikajiambia: nitautumia nyumbani kwanza, Lodwar waya utapatikana wiki ijayo, nitanunua mwingine nimalizie. Shawa nikazifunga bila huo waya. Nilimwambia Suldan tayari, wageni waingie. Ilikuwa iwe kwa wiki moja tu. Wiki moja ikawa tatu, kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi vizuri na hakuna aliyelalamika. Ndivyo umeme ulivyo, unakunyamazia mpaka siku moja.

Msichana yule mwalimu aliingia loji jioni akitoka Baringo, asubuhi apande gari la kwenda Namoruputh kuripoti kazini. Alioga saa kumi na mbili asubuhi. Anaitwa Jelagat. Hujawahi kunisikia nikilitaja jina hilo kwa sababu sijawahi. Nilimwona, Ajwang. Niliitwa nikazime umeme.

Kortini wakili aliniuliza, "Ulipewa waya au hukupewa?" Nilimtazama Suldan. Alikuwa ananitazama kwa utulivu kabisa, kama mtu anayengoja rafiki yake aeleze. Nikasema sikupewa. Mimi nikapata miaka miwili, yeye mitatu.

Nilikuandikia tunasalimiana. Hatusalimiani. Yeye hunisalimia kila asubuhi, mimi ndiye siitikii. Siku moja mwezi wa pili niliugua tumbo, yeye ndiye aliyeniletea maji. Alisema, "Kunywa, wewe bado kijana."

Barua yako ya Aprili niliificha ndani ya soli ya kiatu. Nikawa natembea juu yake. Ile ya Juni ilipofika nikasoma habari ya mkono wa mama kulegea, na badala ya kufurahi nikafikiri: hivi Jelagat naye alikuwa na mama, na huyo hakuandikiwa na mtu.

Jumatatu niliomba kuonana na mkuu wa gereza. Nilisema yote, yakaandikwa, nikaweka kidole. Nikarudi nikakaa kwenye kitanda cha Suldan, nikamwambia waya uko ukutani kwa mama yangu. Akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Nilidhani umeuza." Kisha akasema, "Afadhali umeuweka kwa mama." Halafu akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hanisalimii. Nilifikiri nitajisikia mwepesi.

Wanasema Februari haipo tena. Nitashtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, na ile adhabu ya kwanza itaangaliwa upya. Miaka mingapi, sijui. Nimekuharibia Lokichoggio. Hilo nalo nililijua nilipokuwa natembea kuelekea ofisini, nisije nikajifanya sikujua.

Watakuja kuuchukua waya. Wape ufunguo. Wakiutoa, mwambie Céline azime umeme wa nyumba yote, na usiwashe kitu mpaka uwekwe mwingine.

Mwambie mama. Au uningoje nimwambie mwenyewe. Chagua wewe, mimi sina haki ya kukuchagulia.

Morgan

Kakuma, 24 Agosti 2025

Morgan mdogo wangu,

Salamu. Tunapumua. Upepo wa vumbi umeanza, na kuku waliobaki wanataga.

Polisi walikuja tarehe thelathini Julai, wawili, pamoja na fundi wao. Siku moja kabla nilikwenda mwenyewe dukani kwa Shamso. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kukaa, wala hakunifukuza. Alifunga duka akaja nami kwa miguu mpaka nyumbani. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua. Aliinama, akaishika ile karatasi ya gundi kwa vidole viwili, akasoma. Ni neno moja tu, lakini alilisoma muda mrefu. Akasema, "Ni mkono yake." Akatoka bila kuniaga. Mpira wa maji sasa nitatafuta kwingine.

Wakili wa Suldan anasema rufaa itasikizwa Oktoba, na huenda Suldan akarudi nyumbani hata kabla ya hapo. Mwalimu mkuu wa Lokichoggio nilimpigia simu nikamwambia ampe mtu mwingine ile nafasi. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Sikulia mpaka nilipokata simu, na hata hapo haikuwa sana, mama alikuwa anataka kugeuzwa.

Waya uliondolewa, ukuta una mfereji mrefu kama kidonda. Céline alizima kila kitu. Friji tumeifanya kabati la unga. Jioni tunawasha taa ndogo ya sola. Lakini maji hayakuguswa. Mtambo wako hauna waya hata mmoja, hawakuwa na cha kuchukua. Kila alfajiri yanatoka moto kama jana yake.

Mama nilimwambia siku ile ile polisi walipotoka, maana alikuwa amewasikia wakigonga ukuta. Nilimweleza Juba ni nini, waya ni nini, na Suldan ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso. Siku mbili alikataa kuogeshwa. Nikileta maji ya moto anayasukuma kwa mkono mzima, beseni linamwagika. Niliogopa vidonda vitafumka.

Siku ya tatu aliniita. Akauliza, "Huyo msichana alikuwa anaoga?"

Nikasema ndiyo.

"Asubuhi?"

"Asubuhi, mama."

"Jina yake?"

Nikamwambia Jelagat. Akalirudia mara mbili ili aliweke vizuri mdomoni. Akauliza baba yake ni nani na wanakaa wapi. Nikasema sijui, ni watu wa Baringo. Akasema, "Utatafuta. Mtoto wa watu hafi hivi hivi, watu wakakaa kimya kama ni mbuzi imepotea." Kisha akasema, "Sasa nioshe."

Nimemwomba Mama Keziah aulize kwenye kanisa la huko Baringo. Ukijua jina la kijiji chake niandikie. Nadhani lilitajwa kortini, mimi sikulishika.

Nimemwuliza mama mara mbili nikuandikie nini kutoka kwake. Mara zote mbili aliomba ageuzwe. Sijui kama amekusamehe, na sitakudanganya kwamba amekusamehe, uongo nimemaliza. Jumapili, nikimkausha mgongo, akauliza yeye mwenyewe: "Huko gereza, Morgan anaoga na maji gani?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Uliza."

Nakuuliza.

Dada yako,
Ajwang